Jua Inalipiwa: Vile Ramani ya Ploti Ndio Inapanga Rent Yako Pipeline

Fungua Instagram ya ajenti yeyote anauza nyumba za wadosi, halafu soma polepole kile anauza. Kilimani, Kileleshwa, Lavington, Westlands, story ni moja. Dirisha kutoka sakafuni hadi juu. Balkoni ya kutoshea viti na meza. Jikoni yenye hewa inapita. Miti, nyasi, watoto wakiendesha baiskeli. Marble na koki za kung'aa zinakuja baadaye kwa hiyo list. Kitu ya kwanza kuringiwa ni mwangaza, ya pili hewa, ya tatu nafasi. Vitu tatu zenye Mungu aligawa bure, na ukizitaka zikiwa zimepangwa poa huko ubabini unatoa mamilioni.

Sasa panda mathree ya Outering ushukie Pipeline, karibu na pale kulikuwa Taj Mall kabla ibomolewe 2018. Ingia ndani kidogo, kwa hizo barabara nduthi, mama mboga na mkokoteni wa maji wanagombania. Angalia juu. Utaona anga imebaki nyembamba kama mshipi. Ni saa saba mchana, jua inachoma, na kwa korido za hizo ploti stima imewashwa.

Mameme za Pipeline tumecheka nazo sana. Ati watu wa Pipe huenda town kuona jua. Ati mtoto wa Pipe akiona kivuli yake mara ya kwanza anatoroka. Sawa, tumezoea kuchekwa. Lakini nyuma ya hizo jokes kuna hesabu, na hiyo hesabu ndio nataka tuivunje leo, juu iko ndani ya ile rent unatuma kila tarehe tano.

Jua ilienda wapi?

Wasee wengi husema Pipeline ni giza juu ya wingi wa watu. Zii. Watu wengi wanaweza kaa pamoja na bado kila mtu apate dirisha. Pipeline iko giza juu ya vile ramani zilichorwa, na zilichorwa hivyo mtu akijua anafanya nini.

Tufanye hesabu ya kichwa. Ploti za huku si saizi moja, lakini chukua mfano wa futi 50 kwa 100. Hiyo ni futi mraba 5,000. Mwenye ploti akijenga ukuta kwa ukuta, bila kuacha hata njia ya paka, halafu atoe kama asilimia 30 ya korido, ngazi, choo na lile shimo la katikati, anabaki na 3,500. Singo ya Pipe ni 10 kwa 10, yaani futi mraba 100. Hapo ako na singo 35 kwa ghorofa moja. Kila moja ikienda thao tano, hiyo ghorofa inamletea 175,000 kwa mwezi.

Sasa mwambie aache futi 10 kila upande ndio watu wapate dirisha ya maana. Jengo linashuka hadi 30 kwa 80, futi 2,400. Toa ile asilimia 30 tena, anabaki na 1,680. Singo 16. Mwangaza wako umemkula singo 19 kwa kila ghorofa, 95,000 kila mwezi. Kama ghorofa za kukaa ni saba, ni 665,000 kila mwezi. Ukiiona hivyo unaelewa mbona hakuna mtu alikuachia jua.

Na si kusema kila landlord ni shetani. Kuna wazee walinunua kaploti kwa chama, wakakopa Sacco, wakajenga ghorofa mbili, wakakula ugali na sukuma wakingoja ya tatu. Lakini akishajenga jirani yake ukuta kwa ukuta, huyu wa kuacha nafasi anaonekana mjinga: amepoteza singo zake na giza imekuja tu, juu ukuta wa jirani uko pale pale. Hiyo ndio shida ya mtaa wenye kila mtu anajipangia. Wa kwanza kuwa mstaarabu ndio analipia ustaarabu ya wote.

Hata sheria hazikuwa zimelala. Kanuni za ujenzi za 1968 zilikuwa zinaongea mambo ya mwangaza na hewa kwa nyumba kabla wengi wetu wazaliwe. Sasa kuna Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi, zilianza kutumika Machi 2025. Makaratasi tunayo. Tembea tu pale Kware uone kama ukuta zimeyasoma.

Shimo, ngazi na mtungi

Kila mtu wa Pipe anajua lile shimo la katikati. Ukifungua dirisha ya singo ya ndani, hauoni barabara, hauoni mti. Unaona dirisha ya jirani, na jirani anaona wewe ukikoroga ugali. Hilo shimo ndilo lilifaa kuwa mapafu ya ploti. Shida ni kuwa kila ghorofa ikiongezwa juu, shimo linakuwa refu lakini upana unabaki ule ule. Mwangaza unaingia kutoka juu, unapiga ukuta, unapiga nguo zimeanikwa, unapiga mabomba, na ukifika ghorofa ya tatu ushachoka. Chini kabisa inafika harufu ya samaki ya mtu na mzozo ya mtu mwingine na bibi yake.

Hapa ndio unaona design ikipanga bei live. Kwa nyumba za wadosi kuna lifti, kwa hivyo ukipanda juu bei inapanda. Ile ya juu kabisa ndio ya sonko. Pipeline bila lifti mchezo unageuka. Ghorofa ya saba ndio iko na jua, upepo na kamba za nguo, lakini pia ndio iko na ngazi. Mtungi wa maji ni lita 20, hiyo ni kilo 20. Ubebe mbili siku maji imepotea, halafu uniambie kuhusu view. Chini nako unapumzisha magoti lakini unakaa kwa giza, na choo ikiziba, wewe ndio wa kwanza kujua.

Kwa hivyo nyumba zenye hazikai wazi hata wiki ni zile za ghorofa ya kwanza na ya pili, upande wa barabara, zenye balkoni. Caretaker anazijua kwa namba. Zikitoka, anapigia watu wake kabla hata aliyehama afikishe godoro chini. Wewe wa kusoma kibao cha "Vacant" unapelekwa za ndani. Saizi ni moja, taili ni moja, choo ni ya kushare vile vile, lakini moja inang'ang'aniwa na ingine inabadilisha watu kila miezi tatu. Tofauti ni dirisha inaangalia wapi.

Kuna watu hukwambia gharama ya giza ni tokeni. Nimepiga hesabu, si tokeni. Bulb ya wati 9 ukiiwasha masaa 12 kila siku, mwezi mzima inakula kama uniti tatu na kidogo. Hata uniti ikiwa 30 bob, hiyo haifiki soo. Gharama iko kwingine. Iko kwa nguo zenye hazikauki, unavaa shati ikinuka unyevu ukienda kazi ya mjengo ama ya ofisi. Iko kwa ukuta inaota ukungu nyuma ya kitanda. Iko kwa kifua ya mtoto. TB hupenda sana nyumba zilizojaa watu na hewa imesimama, na jua ni mojawapo ya vitu zenye huua vidudu vyake. Hizo bili haziko kwa rent, lakini zimeandikwa kwa ramani.

Wajerumani walianza hii story kitambo

Kama unadhani Pipeline ni kitu ya kwanza ya aina yake duniani, tuliza. Mtafiti Marie Huchzermeyer aliandika kitabu kizima 2011, Tenement Cities, akilinganisha ploti za Nairobi na zile za Berlin ya karne ya 19. Huko Berlin walijenga majengo marefu ya kupangisha, moja nyuma ya ingine, zikitenganishwa na ua ndogo. Sheria ya 1853 ilitaka ua wa kama mita 5.3 kila upande, juu gari la wazima moto lilihitaji mahali pa kugeuka. Watu wa kupumua hawakuhesabiwa.

New York nao walikuwa na yao. Sheria ya 1879 iliwafanya wajenge vishimo vya hewa katikati ya majengo. Vikageuka mahali pa kutupa takataka, na moto ukishika vinaupandisha juu kama bomba la moshi. 1901 sheria ingine ikaja ikapiga hizo vishimo marufuku kwa majengo mapya, ikataka nafasi ya ukweli na dirisha kwa kila chumba.

Sasa skiza part yenye inanifanya nikune kichwa. Hizo nyumba za maskini za Berlin, mitaa kama Prenzlauer Berg, leo ni za watu wako na ganji. Mbona? Mahali mengi majengo ya nyuma yalibomolewa, ua zikafunguka, jua ikaingia. Wakaweka bafu ndani. Na kwa sababu dari zilikuwa juu na madirisha ni marefu, nyumba ikakubali kutengenezwa. Mifupa ilikuwa mizuri.

Ndio swali la pesa linakuja: Pipeline ikifika miaka 50, nani ataitaka? Singo ya 10 kwa 10 yenye dari fupi na dirisha ya kuangalia shimo, utaitengeneza vipi? Uvunje ukuta uunganishe mbili, sawa, umepata chumba kubwa ya giza. Hauwezi kupaka rangi ukapata jua.

Usiende Berlin kama ni mbali, nenda Buru Buru. Hiyo ilianza kujengwa miaka ya 1970, ikachorwa na Mutiso Menezes International. Nyumba zimepangwa zikizunguka court, kila moja na kiyadi yake, watoto wanacheza mbele ya macho ya mamayao. Wenyewe wameongeza vyumba, wameziba yadi, wamejenga maduka kwa geti, hadi court zingine hazijulikani tena. Na bado mtu akisikia kuna nyumba inauzwa Buru, simu haikauki. Finishing ya 1970 ilishakufa zamani. Kile bado kinauzwa ni ule mpangilio.

Jipsamu ya nani?

Tukirudi ndani ya keja. Kuna wimbi sasa hivi, umeona TikTok: msee anachukua bedsita ya kawaida, anaweka jipsamu, taa za LED za kubadilisha rangi, sticker ya marble kwa ukuta ya jikoni, carpet ya manyoya, kioo kubwa. Kabla na baada. Comments zote ni "plug ya pazia iko wapi". Na tuseme ukweli, inapendeza. Vijana tumefika mahali mgeni akija anasoma maisha yako kwa ukuta. Mario Schmidt, msomi aliyeandika kitabu kuhusu wanaume wa Pipeline, Migrants and Masculinity in High-Rise Nairobi, 2024, aliishughulikia hiyo presha: umetoka ocha, watu wanangoja uomoke, na ile singo yako ndio ushahidi wa kwanza.

Lakini angalia nani anavuna. Mdosi wa Lavington akiweka jikoni mpya, nyumba ni yake, akiuza anarudishiwa. Wewe ukiweka jipsamu kwa ploti ya mtu, umeongeza thamani ya mali yake na pesa yako. Ukihama, caretaker anaipiga picha, anaandika "bedsita ya kisasa, jipsamu", na mwenye anaingia anaambiwa thao mbili juu. Halafu wewe, kwa deposit yako, unakatwa "rangi" na matundu ya msumari ya kushikilia TV. Umelipa kujenga, ukalipa kubomoa.

Landlord naye amejifunza. Badala ya kuvunja ukuta, anaita fundi wa taili. Taili, rangi mpya, mlango wa chuma uliopakwa kama mbao, taa ya kuning'inia kwa korido, na singo ya thao tano inakuwa ya saba. Na taili siidharau: sakafu ya simiti huku inakula sabuni na mende hujificha kwa nyufa, taili unapitisha mop umemaliza. Hiyo ni value ya ukweli. Shida yangu ni moja. Taili na rangi ndizo zinaonekana kwa picha, kwa hivyo ndizo zinapandishiwa bei. Hewa haionekani kwa picha.

Na kuna kitu ingine haionekani. 2016 jengo la Huruma lilianguka, watu 52 wakaenda. Juni 2017 ghorofa saba zikalala chini hapa hapa Kware, Pipeline. Rangi haikuambii kitu kuhusu nguzo.

Kwa hivyo kama unahama mwezi huu, nenda kuangalia nyumba saa sita mchana, si jioni ukitoka job. Zima stima. Kama hauwezi soma message kwa karatasi, hiyo nyumba ni bulb. Washa kiberiti ama shika tishu karibu na dirisha na mlango ukiwa wazi, uone kama kuna hewa inatembea. Gusa ukuta nyuma ya mlango, ukiwa baridi na laini kama umeloweshwa, sticker yako ya marble itaanguka mwezi wa pili ikiwa na ukungu mweusi nyuma. Chungulia shimo, uhesabu ghorofa ziko juu ya dirisha yako.

Ukishaingia, weka pesa kwa kitu yenye itapanda mkokoteni na wewe. Kioo kikubwa kikiangalia dirisha kinakuongezea mwangaza kushinda jipsamu ya elfu kumi na tano. Pazia nyepesi badala ya zile nzito za velvet. Rangi nyeupe, na kabla upake, mwambie caretaker akuandikie, hata kwa WhatsApp, kuwa haukatwi deposit. Kitanda cha kuinuliwa juu ndio nafasi ya chini iwe stoo. Ukitoa rangi, hivyo vingine vyote utahama navyo.

Ile ya serikali, na ile ya jirani

Mei 2025 Rais Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa Mukuru, hapa tu Embakasi South. Mambo ya ile asilimia 1.5 inakatwa kwa payslip tuache kwanza, hasira zangu nimeziweka kando. Angalia ramani. Chumba cha chini kabisa pale ni mita mraba 20. Singo yetu ya 10 kwa 10 ni kama mita mraba 9.3. Yaani yule wa chini kabisa ako na zaidi ya singo mbili za Pipe, na choo ni yake. Majengo yamesimama mbali kidogo na mengine, kwa hivyo dirisha inaangalia nje, haiangalii sufuria ya mtu. Hiyo ni design kufanya kazi yake. Lakini nyumba 1,080, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 kwa kaunti ndogo ya Embakasi pekee. Wengi wetu bado tuko kwa mpigo wa caretaker.

Na hapa ndio naona tofauti kubwa ya tajiri na sisi, kushinda hata marble. Wakaazi wa Rhapta Road kule Westlands walipoona maghorofa marefu yanawajia karibu na nyumba zao, walienda kortini. Wakaita mawakili, wakashika mpango wa jiji mkononi, wakasema mtaa wao haukupangiwa urefu huo. Wanajua ukuta mrefu ukisimama karibu, si jua tu inaenda, bei ya nyumba pia inaenda.

Pipeline huwa hatuendi kortini. Unapata balkoni yako safi, ghorofa ya pili, jua ya asubuhi inaingia hadi kwa kitanda, unaweka kiti, unapanda sukuma kwa mkebe wa rangi. Mbele yako kuna ploti tupu yenye watu wanaoshea magari. Siku moja lori inakuja inashusha mawe, ya pili inashusha mchanga. Miezi sita baadaye unafungua mlango wa balkoni unagusa ukuta wa jirani na mkono, na rent ni ile ile.

Kwa hivyo ukienda kuangalia hiyo keja ya jua wikendi hii, usiulize caretaker pekee. Uliza wale wa kuosha magari wamepewa notisi ya lini.